Msharasi Usio na Tundu: Kazi ya Ngozi katika Nasaba Yetu

Katika makala zilizotangulia nimewaandikia juu ya majahazi, ndoa na makaburi ya jamaa zetu. Leo naandika juu ya mfuko mdogo wa ngozi uliokuwa katika sanduku la marehemu mama yangu, ukavuka bahari pamoja nasi, ukakaa tena zaidi ya miaka ishirini katika kabati la nyumba yetu hapa Beltsville, Maryland, bila ya mtu kuufungua kwa nia ya kuujua. Wengi wenu mlioko Maskati, Toronto na London mmeusikia. Ndio ule tunaouita "mfuko wa nahodha".

Ndani yake mna vitu vitano. Mna msharasi wenye mpini wa mti mweusi. Mna kisu kifupi kipana ambacho pembe yake moja imeliwa na jiwe la kunolea. Mna kipande cha mfupa kilicholainika kama kokoto ya pwani. Mna muhuri mdogo wa shaba wenye nakshi ya nyota. Na mna donge la nta lililokauka, lililochorwa mifereji myembamba na uzi uliopitishwa juu yake mara zisizo na hesabu. Tuliyoyapokea kwa wazee ni kwamba baba yake babu alikuwa nahodha wa jahazi, na kwamba kwa vyombo hivi alishona matanga. Nami niliyapokea hivyo hivyo, nikawasimulia wanangu, kisha nikawasimulia nyinyi. Sasa inanilazimu kuirekebisha habari ile.

Nilistaafu ukarani nikiwa na umri wa miaka sitini na minne, na mikono yangu ilikuwa haijazoea ila kalamu, muhuri na majalada. Mjukuu wangu alitaka mshipi wa ngozi halisi. Nilipoona bei yake dukani nikasema nitaushona mwenyewe. Nikanunua kipande cha ngozi na vyombo vichache, nikakifanya chumba cha chini cha nyumba kuwa karakana, nikaanza kujifundisha. Miezi mitatu ya mwanzo niliharibu zaidi ya nilivyotengeneza. Mke wangu alilalamikia harufu, nami sikuwa na jibu, kwa kuwa ngozi ina harufu yake na haifichiki.

Jambo la kwanza alijualo mwanagenzi wa kazi hii katika nchi hii ni kwamba ngozi huuzwa kwa wakia, nayo wakia hapa si kipimo cha uzito bali ni kipimo cha unene. Wakia moja ni sehemu moja ya 64 ya inchi, yaani takriban milimita 0.4. Ngozi ya pochi ni ya wakia 2 au 3. Ya mshipi ni wakia 8 hadi 10. Jambo la pili ni kwamba ngozi zote si moja. Iko iliyotengenezwa kwa magome ya miti, na iko iliyotengenezwa kwa chumvi za kromu. Ile ya kromu ni laini, haijali maji, na ndiyo iliyo katika viatu vingi vya siku hizi. Lakini ukiigonga muhuri, alama haikai. Ile ya magome ukiilowesha kidogo hupokea kila alama unayoitia, na ikikauka huihifadhi miaka mingi.

Tuliosoma chuoni neno la kazi hii tulilijua kabla ya kuiona kazi yenyewe. Katika mlango wa twahara tulifundishwa habari ya ngozi iliyodabighiwa, yaani iliyotolewa uoza wake kwa vitu vikali, na mwalimu wetu alitaja maganda na majani ya miti. Mimi nilihifadhi maneno nikapita. Kumbe hayo yalikuwa ni maelezo ya kiwandani. Magome ya miti yana tanini, nayo tanini huingia katika nyuzi za ngozi mbichi, ikazifunga, zikawa hazipokei uoza tena. Pwani yetu haikuhitaji kuitafuta mbali: magome ya mkoko na mkandaa yana tanini nyingi mno, na ngozi inayodabighiwa kwayo hutoka nyekundu. Wajerumani walipoitawala Tanganyika walikuwa wakiyapeleka magome hayo kwao kwa meli, kwa ajili ya viwanda vyao vya ngozi.

Njia ya kromu ni ya juzi tu. Augustus Schultz alipata hataza yake hapa Marekani mwaka 1884, na mpaka hapo ngozi nzito ya soli na ya matandiko ya farasi ilikuwa ni kazi ya magome na subira. Ninayo bahati ya kukaa mji ambao Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Marekani imo ndani yake: jengo refu la ghorofa 14 kando ya barabara ya Baltimore, lililofunguliwa mwaka 1969, likizungukwa na mashamba ya utafiti ya Wizara ya Kilimo. (Mji huu umeliacha jina lake kwa bata mzinga mdogo mweupe aliyezalishwa katika mashamba hayo, sisi tuliohamia huenda tusiache hata hilo.) Wizara hiyo ilitoa mwaka 1923 kijitabu nambari 1334 cha kuwafundisha wakulima kudabighi ngozi nyumbani. Nilikisoma kama nilivyokuwa nikisoma waraka wa ofisini, mstari kwa mstari. Humo ngozi hutiwa katika chokaa mpaka nywele zitoke, kisha huingizwa katika pipa la maji ya magome ya mwaloni, ikangojewa kwa miezi. Kwa kromu ni wiki chache. Ukishasoma hayo hutashangaa kwa nini dunia nzima ilihamia kwenye kromu.

Lakini wapenzi wa kazi za mkono wameendelea kuitaka ile ya magome, na kuna viwanda viliyobaki kwa ajili yao. Magome yanayotumika sana leo ni ya mimosa, mti uleule tunaouita muwati, uliotoka Australia ukapandwa katika nyanda za juu za Kenya na Tanganyika. Kule Njombe kampuni ya miwati imekuwapo tangu mwaka 1949. Basi hata katika duka la Maryland, mtu wa Afrika Mashariki akinusa ngozi mpya ananusa mti alioupita njiani kwao.

Sasa niseme juu ya mshono, maana ndio uliofichua mambo.

Ngozi haishonwi kama nguo. Sindano ya nguo hujitobolea njia yake; katika ngozi nene haiwezi. Kwanza huchorwa mstari sambamba na ukingo, nami hutumia bikari, mguu mmoja ukitambaa ukingoni na wa pili ukichora. Kisha hupimwa nafasi za mashono kwa kigurudumu chenye meno au kwa uma wa chuma. Kisha ndipo msharasi hushika kazi. Ncha yake si ya mviringo. Ina pande nne, imebapa kama jicho la almasi, na humchoma mshoni asiyeangalia. Huingizwa kwa mshazari, kila tundu likiinama upande mmoja na jirani yake, ili uzi ukikazwa ulale kama safu ya mawimbi. Mkono ukigeuka kidogo tu, safu huvunjika, na kila atakayekiona kiatu au mshipi ataona mahali ulipochoka.

Uzi wa kitani hupakwa nta, na kila ncha ya uzi huvikwa sindano yake. Uzi ni mmoja, sindano ni mbili. Katika kila tundu moja hupita kutoka kulia na nyingine kutoka kushoto, kisha mikono yote miwili huvuta kwa nguvu moja. Mashine haishoni hivi. Mashine hutumia nyuzi mbili zinazokutana katikati ya ngozi, na mmoja ukikatika mshono hulegea ukafumuka. Katika mshono wa sindano mbili, upande mmoja ukilika kwa kukanyagwa, upande wa pili hubaki umeshika. Ndiyo maana soli ya zamani hutoboka kabla ya kufumuka.

Mwisho ni kingo. Ukingo wa ngozi iliyokatwa una nyuzi nyuzi kama mkate uliovunjwa. Hupunguzwa pembe kwa kisu, hulowanishwa, kisha husuguliwa kwa mti mgumu au mfupa wenye mfereji, kwa haraka mpaka upate moto, nao hung'ara na kuwa mmoja hata kama ni tabaka tatu zilizoshonwa pamoja. Kazi hii ya kusugua ndiyo niliyoichukia zaidi, na kwa kuikwepa nilipata mishipi yenye kingo za aibu.

Ilikuwa ni kwa ajili ya kusugua ndipo nilipoukumbuka mfuko. Baridi ya Januari ilikuwa kali, theluji imefunga barabara, na mti wangu wa kusugulia ulikuwa umepasuka. Nikakumbuka kwamba katika mfuko wa nahodha mna kipande cha mfupa. Nikakitoa, nikakiweka juu ya ukingo wa mshipi, nacho kikakaa. Upande wake mmoja una mfereji uliochimbika kwa kusugua, nikaupima kwa rula: milimita 9. Huo si unene wa mshipi. Ni unene wa soli ya tabaka tatu za ngozi ya ng'ombe.

Nikauchukua msharasi nikauweka chini ya taa. Sindano ya tanga naijua, kwani nimekulia Mji wa Kale wa Mombasa, na ufukweni nimewaona washonao matanga: ni ndefu, ncha yake ina pande tatu, ina tundu la kupitisha uzi, haina mpini, nayo husukumwa kwa kipande cha ngozi kinachovaliwa kiganjani. Watu huita msharasi hii na ile, ndiyo maana jina halikututanabahisha. Lakini huu wetu una mpini, hauna tundu, na ncha yake ina pande nne, sawasawa na ule nilioununua kwa fedha zangu. Muhuri wa shaba nao haukuwa na kazi katika turubai. Nguo haipokei alama ya kugongwa. Niliulowesha mkato wa ngozi, nikaugonga muhuri mara moja kwa nyundo ya mti, na nyota ikatokea, yenye ncha nane, safi, kana kwamba fundi alinyanyuka jana kwenda kuswali.

Nilikaa kitako muda mrefu. Nilikumbuka uchochoro mmoja wa Mombasa nilipokuwa na miaka saba au minane, na mzee aliyekuwa akishona makubadhi kizingitini. Soli aliibana kwa vidole vya miguu, ngozi ameiloweka katika bakuli, na gidamu alizipitisha kwa kuzivuta kwa meno. Nilipenda kusimama pale. Mama alikuwa akinivuta mkono na kuniambia nisikae karibu na maji yale. Nilidhani ni kwa ajili ya harufu.

Kwa vijana waliozaliwa ugenini na hawajapata kuviona, makubadhi ni ndara za ngozi za pwani yetu, soli yake ni ya tabaka zilizoshonwa, juu ina ukanda mpana wenye nakshi za kugongwa na vipande vya rangi, na gidamu hupita baina ya kidole gumba na cha pili. Palipokuwa na sifa kuu ya kazi hii ni Siyu, katika kisiwa cha Pate, na familia yetu daima imesema kwamba ilitoka "kaskazini", bila ya kutaja mji. Mwanahistoria James de Vere Allen, aliyeitunza Makumbusho ya Lamu, aliandika mwaka 1979 juu ya Siyu ya karne ya 18 na ya 19. Ulikuwa ni mji wa wanavyuoni na mafundi kwa pamoja: humo zilichongwa samani, zilishonwa mishipi, ala za panga na makubadhi, na humo ilinakiliwa misahafu ambayo leo hutazamwa kama hazina. Profesa Zulfikar Hirji ameichunguza misahafu hiyo ya Siyu na kuitambulisha kwa ulimwengu.

Mwenye kusoma Kiarabu atauona undugu wa kazi hizo mbili mara moja. Jalada letu ni *jild*, yaani ngozi. Msahafu wa zamani ulivishwa ngozi iliyogongwa nakshi, na upande wa kushoto ukaongezwa kipande cha kukunjia kurasa, ambacho Waarabu hukiita ulimi. Muhuri wa nyota unaofaa kubadhi unafaa jalada la kitabu. Mimi nimeshika majalada ofisini kwa zaidi ya miaka thelathini, ya karatasi ngumu za kahawia, na sikupata kulifikiria neno lenyewe hata siku moja.

Siyu ilikuwa na kiburi chake pia. Katika miaka ya 1840 Sayyid Said bin Sultan alipeleka majeshi yake kuutiisha, nayo yakashindwa mbele ya watu wa Bwana Mataka. Mji haukuingia chini ya utawala wa Unguja kwa hakika mpaka miaka ya 1860, wakati wa Sayyid Majid. Ngome yake ingali imesimama. Baada ya hapo watu walitawanyika kwenda Lamu, Mombasa na kusini zaidi, na mafundi wakaenda na vyombo vyao, kwa kuwa vyombo vya ngozi, tofauti na vya seremala, vinaenea katika mfuko mmoja.

Na ngozi zenyewe zilitutangulia kuja Marekani. Tarehe 30 Aprili 1840 merikebu ya Sayyid Said, al-Sultana, ilitia nanga New York chini ya Ahmad bin Naaman, mjumbe wake. Tumeisoma sana habari ya zawadi alizomletea Rais Van Buren, na farasi wawili waliouzwa mnadani. Husahaulika kwamba ndani ya shehena, pamoja na pembe za ndovu, karafuu, kahawa, tende na sandarusi, mlikuwamo ngozi 1,000 zilizokaushwa kwa chumvi. Wafanyabiashara wa Salem walikuwa wakizinunua ngozi Unguja kwa miaka kadhaa kabla ya hapo, nao walikaa jirani na miji ya Massachusetts iliyoishi kwa kudabighi ngozi na kushona viatu. Sisi tuliwauzia ngozi mbichi, wao wakatuletea nguo ya merikani.

Nirejee kwa baba yake babu. Katika sanduku lile la mama mlikuwamo pia hati ya rahani ya shamba, iliyoandikwa Lamu mwaka 1311 Hijria, sawa na 1893 au 1894 Miladia. Yeye ni shahidi wa pili. Baada ya jina lake na la baba yake kuna neno moja, na neno hilo ndilo asili ya nisba yetu. Ami yangu mkubwa, alipoandika shajara ya ukoo katika miaka ya sitini, alilinakili "al-Khazraji", akatuunganisha na Khazraj wa Madina, Ansari wa Mtume. Shajara ile imetiwa katika fremu katika nyumba zisizopungua sita, na mimi mwenyewe nimeipiga chapa katika ukurasa huu.

Usiku ule wa theluji niliisoma hati kwa kioo cha kukuzia. Mdudu ameila herufi ya mwisho nusu. Lakini Khazraj ni khaa, zaa, raa, jim, na hakuna alifu ndani yake. Katika hati ile alifu imesimama wima, refu, baada ya raa isiyo na nukta. Neno ni *al-Kharraz*. Maana yake ni mshona ngozi, yule atobowaye kwa msharasi. Na msharasi wenyewe kwa Kiarabu ni *mikhraz*, wa mzizi uleule. Mwandishi wa hati hakuandika kabila. Aliandika kazi, kama ilivyo desturi ya kumtambulisha shahidi asije akachanganywa na mwenye jina kama lake.

Ami alikuwa mjuzi wa hati kunishinda mimi. Siamini kwamba jicho lake lilikosea alifu nzima.

Wala simlaumu kwa wepesi. Vitabu vya fiqhi ya Kishafii tulivyosomeshwa huihesabu hirfa, yaani kazi ya mtu, miongoni mwa mambo ya kafaa katika ndoa, na mwenye kazi inayodharauliwa hawi sawa na binti wa mwenye kazi ya heshima. Kazi ya ngozi mbichi, maji yake na harufu yake, ilihesabiwa chini. Na tazama jambo lenyewe lilivyokuwa. Katika karne ya 19 mtumwa wa pwani yetu hakuruhusiwa kuvaa viatu wala kufunika kichwa mbele ya waungwana. Ndara ilikuwa ni alama ya uungwana. Utumwa ulipofutwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, walioachwa huru walivaa viatu na kofia mbele ya macho ya watu kwa sababu hiyo hiyo. Mguu ulipanda daraja kwa kubadhi, na aliyeishona akabaki kizingitini. Kisha vikaja viatu vya Bata vya kiwanda cha Limuru, vikaja vya plastiki, zikaja katambuga za mpira wa magari, na soko likawa limekwisha. Ami aliandika shajara katika wakati ambapo hapakuwa tena na kubadhi za babu yake miguuni mwa mtu, na Mapinduzi ya 1964 yalikuwa yamewatia Waarabu wa Unguja hofu na fikira ya kuhamia Arabuni. Huko uendako wataka nisba.

Kabla ya kuandika nilimpigia simu binti yake, binti ami yangu aliyeko Maskati. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bin ami, wewe uko Marekani, na huko hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Mimi binti zangu wawili hawajaolewa. Waachie wafu sitara yao." Nilimwambia kwamba kazi ya halali si aibu. Akanijibu kwamba hilo analijua, na wanaokuja kuposa wanalijua pia, na bado wanauliza. Sikuwa na la kusema, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nikaiweka makala hii katika mtoto wa meza kwa mwaka mmoja na miezi miwili.

Katika muda huo nilifanya jambo nililoliweza. Nilinunua ngozi ya wakia 8, nikakata nyayo za mguu wangu, tabaka tatu kwa kila soli, nikazishona kwa msharasi wake, na si kwa wangu. Mpini wake ni mfupi kuliko ninavyopenda, na una bonde upande wa kushoto ambapo kidole gumba hukaa. Kidole changu cha kulia hakikukaa pale. Nilipouhamishia mkono wa kushoto, bonde lilinipokea. Baba yangu alikuwa mshoto, na alichapwa chuoni kwa hilo mpaka akaandika kwa mkono wa kulia. Kubadhi zangu hazikupendeza. Ya kulia ni pana kuliko ya kushoto, na gidamu nimezikosea mahali, zikabana kidole. Lakini soli haijafumuka, na kingo zake nimezisugua kwa mfupa ule mpaka zikang'ara.

Mwezi uliopita nilipokea ujumbe kutoka Maskati, si wa binti ami bali wa binti yake mkubwa. "Mjomba, andika. Mchumba wangu nimemwambia mwenyewe, akacheka, akasema baba yake babu yake alikuwa mpagazi bandarini." Basi nimeandika. Mama yake hajajibu salamu zangu za Idi mpaka leo, na namwomba radhi mbele yenu nyote, kwa kuwa neno lake sikulifuata.

Shajara iliyo katika ukurasa huu nitaibadilisha. Nisba aliyoiandika ami haitafutwa. Itabaki mahali pake kwa mwandiko wake, na kando yake nitaweka picha ya hati ya 1311 ili kila ajuaye kusoma aisome mwenyewe. Nakala ya karatasi naitilia jalada la ngozi lenye ulimi, kwa nyota ile ya ncha nane.

Nami nina haja kwenu. Katika masanduku ya bibi zenu, Maskati, Dubai, Mombasa au Leicester, huenda mna kubadhi za zamani zilizowekwa kwa kumbukumbu. Watu wengi hupiga picha ya juu, penye nakshi. Zigeuzeni. Pigeni picha ya chini na ya ubavuni, karibu, kwa mwanga wa dirisha, na mweke rula kando. Nataka kuona mashono yanaelekea upande gani. Mshona kwa mkono wa kushoto, matundu yake huinama kinyume cha wengine.